Je, Wajua? Kisanduku cha Gemu na Sauti Zake Tano

Mtu aliyepata kukaa katika banda la gemu huko Kirumba, mjini Mwanza, katika miaka ya mwisho ya karne iliyopita, akatoa sarafu yake ili apewe pedi kwa dakika chache kabla ya mgao wa umeme kuja kuharibu starehe, hawezi kuwa ameusahau ubishi ambao haukupata kuisha hata siku moja: kama Mario wa kwanza ni bora kuliko Mario wa tatu, ama wa tatu amemzidi aliyemtangulia. Ubishi huo ulianzia katika mabomba, makasri na majoka ya mchezo wenyewe, lakini aghalabu ulimalizikia katika muziki, kwa sababu wengi wa waliosongamana nyuma ya benchi hawakuwa na sarafu wala nafasi ya kukiona kioo vizuri, ila masikio walikuwa nayo, na hayo yaliwatosha kuwa makadhi. Mimi nilikuwa upande wa Mario wa kwanza. Binamu yangu, aliyenizidi umri kwa miaka mitatu, alikuwa upande wa yule wa tatu, na hoja yake ilikuwa moja tu, aliyoirudia kila jioni kwa utulivu wa mtu mwenye shahidi mahakamani: "Mdogo wangu, huyu ana ngoma."

Ilinipasa kungoja zaidi ya miaka ishirini ndipo nikafahamu kwamba maneno yale hayakuwa majigambo wala fumbo, bali yalikuwa kweli tupu, na kwamba ngoma ile yaweza kuonyeshwa mahali ilipo.

Asili ya kisanduku chetu ni mashine iitwayo Family Computer, kwa ufupi Famicom, ambayo kampuni ya Nintendo ilianza kuiuza Japani tarehe 15 Julai 1983, nayo ilibuniwa na wahandisi walioongozwa na Masayuki Uemura. Lakini tuliyoichezea sisi haikuwa ile. Ilikuwa mwigo wake, mmoja kati ya miigo mingi iliyotoka katika viwanda vya Uchina na Taiwani, ikauzwa kwa majina chungu nzima na kwa bei ambayo mwenye banda aliimudu. Nacho kisanduku hakifai kitu bila televisheni: Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mapema katika miaka ya 1970, ilhali Bara ilisubiri hadi 1994 ndipo vituo vyake vya kwanza vikaanza kurusha matangazo. Kwa hiyo kisanduku hiki kilipokuwa mgeni mashuhuri katika nyumba za Mwanza, huko kwao kilikuwa kimekwisha kupata mrithi tangu mwaka 1990, nacho kikihesabiwa kuwa mzee.

Majuzi nilikifungua kimoja juu ya meza ya fundi wa redio pale Makoroboi. Ndani mwake hamna mengi: ubao mmoja, nyaya chache, na katikati tone gumu jeusi mithili ya lami iliyodondoka barabarani ikaganda. Chini ya tone hilo ndipo ilipo akili yote ya mashine pamoja na koo lake. Katika mashine ya asili chipu hiyo ilitengenezwa na kampuni ya Ricoh, ikapewa kazi mbili kwa wakati mmoja, kuhesabu na kuimba, na kwa kuimba ikajaliwa sauti tano, si zaidi.

Sauti mbili za kwanza ni pacha. Kila moja hupanda ghafla, hukaa juu, hushuka ghafla, hukaa chini, kama mtu anayewasha na kuzima taa upesi kupita kiasi, na mlio wake ni mkali wa puani, unaomkumbusha msikilizaji zumari. Na mtunzi aweza kuchagua ni sehemu gani ya muda wimbi likae juu, asilimia 12.5, 25, 50 au 75, na badiliko hilo laweza kugeuza tabia ya mlio, ukawa mwembamba au mnene, ingawa noti ni ileile. Sauti ya tatu hupanda na kushuka kwa ngazi 32, ngazi baada ya ngazi, mfano wa mtoto akipanda jabali la Mwanza na kuteremkia upande wa pili; hii ndiyo laini kuliko zote, na kwa kawaida hupewa kazi ya besi. Ina kilema kimoja, nacho ni kwamba haiwezi kupunguzwa wala kuongezwa: ama inaimba, ama imenyamaza. Sauti ya nne haina noti, ni mvumo mtupu, kama mvua ikipiga bati au upepo wa ziwa ukipita katika mafunjo, nao hupatikana kwa kuzungusha tarakimu 15 za sifuri na moja kwa kanuni inayozifanya zionekane kana kwamba hazina mpango wowote, kumbe baada ya hatua 32,767 hurudi palepale zilipoanzia. Ukiukata mvumo huo vipande vifupi vifupi, unapata kitu kinachokaribia kayamba. Sauti ya tano nitaieleza mahali pake, kwa maana ndiyo ambayo binamu yangu aliitolea ushahidi bila kuijua.

Hapa msomaji hana budi kuzingatia jambo moja ambalo jina la kaseti limelificha. Kaseti ya gemu haikuwa na muziki uliorekodiwa, kama ilivyo kaseti ya redio ambayo ndani yake mwimbaji amekwisha kuimba na kwenda zake. Ilikuwa na maagizo tu, kwamba pacha wa kwanza aimbe noti hii kwa muda huu, pacha wa pili amjibu hivi, besi ipite chini yao, kayamba ipige hapa na hapa. Kila mara tulipowasha mashine, wimbo ulipigwa upya mbele yetu. Super Mario Bros. yote nzima, iliyotoka Japani tarehe 13 Septemba 1985, pamoja na nchi zake, maadui zake na nyimbo zake, ilitosha katika kilobaiti 40, na picha moja ya simu ya leo ni kubwa kuliko hiyo mara nyingi. Mtunzi wake, Koji Kondo, aliyezaliwa Nagoya mwaka 1961, alikwisha kutunga wimbo mwingine wa mwanzo wa mchezo, akauacha, kwa kuwa mwendo wake ulikuwa wa polepole na haukuafikiana na mbio na miruko ya yule bwana mwenye masharubu. Ndipo akatunga huu ambao sasa hata asiyewahi kushika pedi aweza kuupigia mbinja. Mwaka 2023 Maktaba ya Bunge la Marekani iliuingiza katika hazina yake ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa, ukawa muziki wa kwanza wa gemu kupata heshima hiyo.

Wengi wamestaajabu jinsi sauti chache namna hii zinavyoweza kujaza nyumba. Mimi nadhani mtu wa ziwa letu hana haja ya kustaajabu sana, maadamu ng'ambo ya kaskazini, kwa Waganda, iko amadinda, marimba ya vibao 12, ambayo wapigaji wake wawili huketi wakielekeana, mmoja akitia noti zake katika nafasi zilizoachwa na mwenzake, kwa kasi ambayo sikio haliwezi tena kuwatenganisha, na mpigaji wa tatu akaokota, juu ya vibao viwili vyembamba vya mwisho, noti zilizomo ndani ya mchanganyiko huo. Msikilizaji husikia nyimbo ambazo hakuna mkono hata mmoja unaozipiga. Watunzi wa gemu, kwa kukosa sauti za kutosha, waliifikia hila ya jamii iyo hiyo: walizivunja noti za pamoja wakazifuatanisha upesi katika koo moja, na sikio likaziunganisha tena. Sidai kwamba waliijua amadinda. Nasema tu kwamba uhaba wa sauti ulikwisha kupata dawa yake kando ya ziwa hili kabla ya umeme.

Sasa sauti ya tano. Hii, tofauti na nyingine zote, yaweza kutoa mlio wa kitu halisi kilichorekodiwa, lakini kwa ubahili mkubwa: haikumbuki wimbi lilikuwa juu kiasi gani, hukumbuka tu kama limepanda au limeshuka, panda, shuka, panda, panda, shuka, maelfu ya mara kwa sekunde, mfano wa baharia anayemsimulia kipofu mawimbi kwa maneno mawili tu. Katika Mario wa kwanza sauti hii haikutumiwa kabisa. Mdundo wote uliosikika ulikuwa ni ule mvumo uliokatwakatwa. Katika Mario wa tatu, aliyetoka Oktoba 1988 katika kaseti ya kilobaiti 384, ilitumiwa kupiga ngoma. Binamu yangu hakuwa na elimu ya chipu, wala hapakuwa na mtu wa kumfunza, lakini katika kelele za banda, kupitia spika ndogo ya televisheni kuukuu, sikio lake lilikuwa limebainisha kwamba mmoja anatikisa kayamba na mwingine anapiga ngozi.

Labda si ajabu kwa mtoto wa Usukuma. Wasukuma wamegawanyika tangu kale katika vyama viwili vya ngoma, Wagika na Wagalu, wanaowataja waasisi wao kuwa ni Ngika na Gumha, na mashindano yao, ambayo hata leo huonekana Bujora katika sikukuu ya Bulabo mwezi wa Juni, hayana mwamuzi mwenye kalamu: vyama viwili hucheza kwa wakati mmoja, viwanja vyao vikiwa karibu karibu, na watu huenda wanakovutwa, na aliyejaza uwanja ndiye mshindi. Banda letu lilihukumu vivyo hivyo. Televisheni mbili zilipowashwa pamoja, moja ina wa kwanza na nyingine ina wa tatu, tulitazama benchi lipi limeelemewa.

Juu ya Mario wa pili sikumbuki ubishi wa maana, na sababu ni kwamba aliyemtaja hakuwa na hakika kama mwenzake anasema juu ya mchezo uleule. Wa pili wa Japani, wa mwaka 1986, ulikuwa mgumu mno na muziki wake ulikuwa karibu ni uleule wa kwanza; kwa hiyo Wamarekani, mwaka 1988, walipewa mchezo mwingine kabisa, Doki Doki Panic wa mwaka 1987, uliobadilishwa sura za mashujaa wake, na ndiyo maana mna mitungi, jangwa na zulia linaloruka, mambo ambayo msomaji wa Alfu Lela Ulela huyatambua mara moja. Fauka ya hayo walikuwako warithi wa kughushi. Kaseti iliyoandikwa Super Mario 14 ilikuwa kwa asili mchezo wa kampuni ya Irem wenye shujaa mwingine, aliyevuliwa kichwa akavikwa cha Mario. Na Tank 1990, iliyopendwa sana, ni Battle City ya mwaka 1985 iliyoongezwa mapambo. Lakini katika mabadiliko hayo yote sikuona hasara kubwa kuliko ile ya mchezo wa Castlevania III: kaseti yake ya Japani, ya mwaka 1989, ilibeba chipu ya ziada yenye sauti tatu zaidi, lakini mashine ya Marekani haikuwa na njia ya kupitisha sauti kutoka katika kaseti, na muziki ukapunguzwa kabla ya kuuzwa huko.

Na muziki wetu nao ulikuwa umebadilika. Japani huonyesha picha 60 kwa sekunde katika televisheni zake, nasi, tuliofuata mtindo wa Ulaya, huonyesha 50. Na kwa kuwa gemu husogeza wimbo hatua moja kwa kila picha, kaseti iliyoandikiwa Japani ikichomekwa katika mashine yetu huchukua sekunde 72 kumaliza kilichokusudiwa kuchukua 60. Redio kaseti yenye betri zilizochoka hupunguza mwendo na kuzamisha sauti pamoja. Kisanduku chetu kilipunguza mwendo peke yake, na noti zikabaki karibu palepale, kwa sababu kimo cha noti hutegemea saa ya chipu, na saa ile walioiga waliiacha karibu na ya asili. Zaidi ya hayo, baadhi ya miigo ilibadilishana ile asilimia 25 na 50, hata palipotakiwa mlio mwembamba pakaja mnene. Nyimbo tulizozililia ubishi zilikuwa za taratibu na nzito kuliko alivyozitunga Kondo, na hakuna miongoni mwetu aliyekuwa na njia ya kulijua hilo.

Siku ile ya Makoroboi binamu yangu, ambaye sasa ana mvi, alikuwa ameketi kando yangu. Fundi alipomaliza kulehemu waya uliokatika tukawasha kisanduku, na sambamba nacho nikaufungulia wimbo wa Japani katika simu. Wa simu ukatangulia tangu mwanzo, ukamaliza mzunguko, ukaanza tena, na wetu bado uko njiani.

"Huyo wa kwenye simu anakimbizwa na nani, kaka?" akauliza fundi.

Binamu yangu hakujibu. Aliizima simu, akanigeukia. "Mdogo wangu, tumesikia. Sasa weka wa tatu."

Fundi akachomoa kaseti, akatwaa nyingine, akaipuliza pini zake mara mbili, akaichomeka.