Kumbe hata vidonge vya daktari vina arosto!

Ukitaja neno arosto hapa mjini, kila mtu anamfikiria teja wa kijiweni, kajikunyata ukutani na kamasi zinamtiririka. Hakuna anayemfikiria karani mwenye sketi iliyopigwa pasi, mkobani ana cheti cha daktari chenye muhuri. Basi mwenzenu nilikuwa karani huyo. Leo tuambiane ukweli, maana najua vijana kibao mnameza vidonge vya kutuliza wasiwasi kimyakimya.

Mambo yalianza Julai 2019. Nilikuwa nafanya kazi kwenye ofisi ya kutoa mizigo bandarini. Niko zangu ndani ya daladala, mara moyo unaenda mbio, mikono inakufa ganzi, pumzi inakata, naona kabisa nakufa. Nikapimwa presha, moyo na damu, vyote safi. Daktari wa zahanati moja ya binafsi akaniambia ni maradhi ya hofu, akaniandikia lorazepam miligramu 1 asubuhi na 1 usiku.

Jamani, ile dawa usiisikie tu! Muda si mrefu moyo umetulia kama maji mtungini. Nikalala, nikala, nikawa mtu tena. Kila mwezi nilirudi kwa daktari, na kila mwezi aliandika tena. Miezi mitano ikapita.

Desemba daktari yule akahama. Niliyemkuta kwenye kiti chake akapekua faili, akatikisa kichwa. "Hizi zinazoeleka. Acha leo, kuanzia kesho meza fluoxetine." Kubadili dawa lilikuwa wazo zuri tu. Balaa lilikuwa kwenye lile neno "leo".

SIKU YA TATU

Siku ya kwanza afadhali. Usiku wa pili sikupata hata lepe la usingizi. Siku ya tatu ikawa kasheshe. Natetemeka hadi kikombe kinagonga meno, jasho linanitoka na feni inazunguka, taa inanichoma macho, na konda akigonga bodi ya daladala nasikia kama nyundo ndani ya fuvu. Hofu ilirudi mara mbili ya ile ya mwanzo.

Nyumbani kila mtu akawa bingwa. Shangazi akasema nina jini, na tayari amepata mtaalamu wa kulitoa. Binamu yangu akanong'ona kwamba nimeanza kubwia unga. Mama hakusema kitu, alikaa kitandani kwangu ananifuta jasho na kanga. Aliyeniokoa ni jirani yetu, muuguzi. Aliomba aone vidonge nilivyokuwa nakunywa, akaniuliza, "Hivi umeviacha lini, mdogo wangu?" Nikamwambia siku ya tatu leo. Akamgeukia mama: "Mama, tusingoje kukuche. Huyu anaweza kuanguka kifafa."

Na kweli, mtu aliyezoea dawa hizi akikata ghafla anaweza kupata degedege, hata kupoteza maisha. Usiku ule ule nilirudishiwa dawa yangu hospitalini, na asubuhi nikapelekwa kwa daktari bingwa wa magonjwa ya akili.

GARI BILA BREKI

Mzee yule alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Binti, hujarogwa wala hujawa teja. Umenyang'anywa breki."

Akanifafanulia. Ubongo una kemikali yake ya kutuliza mambo, inaitwa GABA. Vidonge kama lorazepam, diazepam na alprazolam huipa nguvu hiyo breki. Ukimeza kila siku kwa muda mrefu, ubongo unazoea kusaidiwa na wenyewe unalegeza. Siku ukivikata ghafla, wewe ni lori linaloteremka mlima Kitonga bila breki. Kutetemeka kule si jini, na mara nyingi si ugonjwa wa zamani kurudi. Ni arosto.

Na ile fluoxetine? Dawa nzuri kwa maradhi ya hofu, lakini inachukua wiki kadhaa kufanya kazi, na haishiki breki ile. Kwa hiyo haiwezi kuziba pengo la lorazepam. Ni sawa na kuhama chumba cha zamani wakati cha kupya hakijaezekwa. Mvua ikikunyeshea, utamlaumu nani?

Basi tukapanga upya. Fluoxetine iendelee. Lorazepam tuibadilishe kwa diazepam, kwanza dozi ya usiku, wiki moja baadaye ya asubuhi. Miligramu 1 ya lorazepam alihesabu ni kama 10 za diazepam, kwa hiyo nikafika 20 kwa siku. Kwa nini diazepam? Kwa sababu lorazepam nusu yake inaondoka mwilini kwa saa 10 hadi 20 tu, lakini diazepam na masalia yake hukaa siku kadhaa, hivyo inashuka taratibu. Tena ina vidonge vidogo, rahisi kukata.

Njia hiyo ilipata sifa kupitia Profesa Heather Ashton wa Newcastle, Uingereza, aliyeendesha kliniki ya watu wanaoacha dawa hizi kuanzia 1982 hadi 1994. Na mwaka 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliagiza onyo kali zaidi liwekwe kwenye dawa za kundi hili zote, kuhusu kuzoea na arosto.

MIEZI SABA NA KISU CHA JIKONI

Nilipunguza miligramu 2 kila wiki mbili hadi 10, kisha moja moja. Kipande cha mwisho nilikimeza Agosti 2020. Hesabu hiyo ilikuwa yangu mimi na daktari wangu, usiinakili. Wengine huenda haraka, wengine pole pole zaidi.

Siwadanganyi, haikuwa lelemama. Kila nikipunguza, siku mbili tatu za kwanza usingizi unayeyuka na nakuwa mkali kama pilipili. Kilichonisaidia ni kuacha kahawa, kutembea jioni, na daftari ambalo mama aliandika tarehe na dozi. Wimbi likija nilisoma daftari: wiki mbili zilizopita pia lilikuja, likapita.

Sasa wewe unayesoma huku kidonge kiko mkobani, sikia. Kwanza, usikate ghafla, hata kama aliyekuambia kavaa koti jeupe. Muulize, "Dokta, naishusha vipi?" Pili, usikae bila dawa mpaka duka lifunguliwe Jumatatu, rudi kliniki kabla hazijaisha. Tatu, usichanganye na pombe wala tramadol, pumzi inaweza kusimama usingizini. Nne, ukiona degedege, unaona vitu visivyokuwepo, au unawaza kujidhuru, ni hospitali usiku huo huo.

Na nyie mashangazi na mabinamu, kabla ya kutaja jini au unga, ulizeni kwanza mtu kaacha dawa gani na lini. Swali hilo moja la jirani yetu ndilo lililonifanya niwe hai leo nawaandikia.