Hesabu Iwe Mkononi, Isiwe Ubaoni

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii aghalabu huelekezwa kwa wafanyabiashara, lakini katika besiboli, mchezo unaoenziwa mno Marekani, inamhusu mwamuzi.

Kanuni zenyewe ni hizi. Mrusho usiopita katika eneo lililowekwa, na ambao mpigaji hakujaribu kuupiga, huhesabiwa kuwa mbovu. Ikitimia minne, mpigaji hupewa kituo cha kwanza bure. Idadi hiyo imedumu tangu 1889. Akirusha gongo akaukosa mpira, au akiuacha uliopita katika eneo hilo, huandikiwa straiki, na kwa straiki ya tatu hutolewa. Mpira alioupiga ukaangukia nje ya mipaka nao ni straiki, ila akiwa tayari anazo mbili hesabu husimama palepale. Basi mwamuzi hufuata hesabu mbili sambamba, katika mechi ambayo mirusho yake aghalabu hupita 200.

Je, hukumbukaje? Kwanza, kiganjani mwa mkono wa kushoto hushika kidude chenye magurudumu madogo ya tarakimu, naye huyazungusha kwa kidole baada ya kila mrusho. Mkono wa kulia hubaki huru kutoa ishara. Pili, huionyesha hesabu kwa vidole: wa kushoto mirusho mibovu, wa kulia straiki. Tatu, huitamka, mibovu ikitangulia daima. Mwanaisimu atavutiwa na jambo hili: nomino zimeachwa, na mpangilio pekee ndio unaobeba maana. “Mbili, moja” humpa mpigaji matumaini. “Moja, mbili” humtia mashakani.

Utaratibu huu wote una sababu. Tarehe 2 Julai 2011, jijini Seattle, timu ya Mariners ilikuwa ikicheza na Padres ya San Diego. Ubao wa uwanjani ulionyesha mirusho mibovu mitatu, ilhali ilikuwa miwili. Mrusho uliofuata ukawa mbovu, na mpigaji wa Padres, Cameron Maybin, akaruhusiwa kwenda kituo cha kwanza kwa mitatu badala ya minne. Hakuna aliyepinga kwa wakati. Punde si punde Maybin akafunga alama ya pekee ya mechi, na Padres wakashinda 1-0.

Walimu tuna la kujifunza hapa. Mwamuzi hubeba kidude kwa kuwa hukumu yake inamgusa mwingine, na kumbukumbu ya binadamu huchoka. Hutangaza hesabu ili anayehukumiwa apate kuipinga mapema. Anayetunza alama za wanafunzi naye aziandike siku ileile kwa mkono wake, kisha awasomee wenyewe kabla muhula haujafungwa. Mwanafunzi akigundua kosa wakati ripoti imekwisha kufika nyumbani, atamlilia nani?