Simu Mapajani, Mlango Wazi

Alasiri moja nilipita Makupa kumwamkia bi mkubwa mmoja, shoga ya marehemu mamangu. Nilimkuta ukumbini juu ya mkeka, simu i mapajani. Alinikaribisha kahawa, lakini macho yake yalikuwa mlangoni. Alikuwa akimngoja mtoto wa mpangaji atoke madrasa aje amfungulie sauti ya mwanawe aliye Muscat. Sauti ile ilikuwa imeingia tangu asubuhi, na bi mkubwa ana mtoto wa jicho. Vidude vya kwenye kioo havioni.

Nikataka kumfungulia mimi. "La, mwanangu," akaniambia, "mwache aje. Yeye ajua pa kurudia."

Msichana alipofika aliamkia, akaketi, akabonyeza. Mwana alisalimu, akauliza hali, akasema yu mzima. "Rudia hapo alipokohoa," bi mkubwa akaamuru. Ikarudiwa mara tatu. "Kifua hicho si kizima. Haya, nishikia nimjibu." Akanena muda mrefu: tangawizi ichemshwe vipi, arusi ya mpwawe iliendaje, na kwa nini mtu alale na feni kifuani. Akamalizia kwa dua. Uso niliouona baada ya hapo sio ule ulionipokea.

Sisi watu wa pwani twajisifu kwamba wazee wetu hatuwapeleki katika nyumba za kulelewa. Aya ya 23 ya Suratul Israa twaijua tangu chuoni, na alhamdulillahi, wengi twajitahidi. Lakini nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita yaweza kuwa na mpangaji katika kila chumba, na mwenye nyumba akawa peke yake humo ndani. Wana wako Dubai, London, Nairobi. Mzee ana paa, ana chakula, ana jina lake mtaani. Wa kuzungumza naye hana.

Jambo hili si geni. Vijana wetu walipomiminika Ghuba kwa kazi, miaka ya sabini na themanini, kaseti ndiyo iliyokuwa barua ya asiyejua kusoma. Msafiri aliileta mfukoni, ikasikizwa nyumba nzima, kisha majibu yakarekodiwa juu yake. Nilikuwa mtoto, na kazi yangu ilikuwa kubonyeza vitufe na kuwanyamazisha kuku. Nalisikia mengi yasiyonihusu! Jibu lilichukua wiki, pengine miezi.

Mwaka 2009 uliletwa waya wa TEAMS chini ya bahari, kutoka Fujairah hadi Mombasa, njia ile ile ya majahazi. Mwaka 2013 WhatsApp ikaanza kupeleka sauti zilizorekodiwa. Kaseti imerudi, ila sasa yafika kabla kahawa haijapoa.

Wako wanaosifu simu ya picha. Mimi kwa mzee naipenda sauti. Picha yamtaka akae vizuri, ashike vizuri, na mtandao ukikatika huachwa akiitazama dari. Sauti humngoja. Usiku usingizi ukimpaa aweza kuisikiza tena, mradi yuko wa kumfungulia.

Na hapo ndipo penye tatizo. Mei 2020, ndani ya Ramadhani, serikali ilizuia watu kuingia na kutoka Mji wa Kale kwa ajili ya korona. Misikiti ilikuwa imefungwa tangu Machi. Kutoka Makupa hadi Kibokoni si safari, lakini mtu wa huku hakuweza kwenda kufuturu na mamake kule, na Iddi ikatukuta hivyo hivyo. Mzee aliyekuwa na kijana nyumbani alipigiwa, akaamkiwa, akacheka. Asiye naye, simu ilimlilia mtoni mwa kitanda hata ikanyamaza. Mwaka huo huo Uingereza, wageni walipozuiwa katika nyumba za wazee, wahudumu ndio walioshika tableti mbele ya mzee ili auone uso wa mwanawe. Hata huko palitakiwa mkono.

Tena wako wana ambao, tangu M-Pesa ianze mwaka 2007, salamu yao ni ule mlio wa pesa kuingia. Pesa ni wajibu, sikatai. Lakini mlio haukohoi, wala hauwezi kuulizwa umekula nini. Dakika mbili za sauti hazimfilisi mtu, na mzee naye apewe nafasi ya kujibu, kugomba na kuagiza. Bi mkubwa wangu hakuchangamka aliposikia, alichangamka aliposikizwa.

Nilipoaga, msichana alikuwa akimfundisha kugusa kitufe kimoja, kidole chake juu ya kidole cha mzee. Januari anakwenda shule ya bweni. Bi mkubwa amekwisha anza kuuliza kwa majirani nani ana mtoto mtulivu, ajuaye kusubiri mtu amalize maneno yake.