Rezista ya kuzungusha: tuiiteje, na ununue ipi?

Msomaji mmoja wa Likoni, kijana anayejifundisha elektroniki nyumbani, ameniuliza mambo mawili kwa mpigo: kifaa cha kubadilishia ukinzani wa umeme kinaitwaje kwa Kiswahili, na kwa fedha kidogo aliyo nayo anunue kipi. Swali la pili si la safu hii, lakini nitalijibu, maana hapa jina na kazi haviachani.

Tuanze na kitenzi kukinza, yaani kuzuia au kupinga. Ndicho kilichotuzalia mkinzani, na wanafizikia wakapata ukinzani. Kipimo chake ni omu, kutokana na Mjerumani Georg Simon Ohm aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Kwa kifaa chenyewe, naona wengine wakiandika "kipingamizi". Silipendi. Hilo ni neno la mahakamani. "Kikinza" nalo laning'inia, kwa kuwa nomino za ki- zinazobakiza -a ya kitenzi aghalabu hudai kijalizo: kizimamoto, kipazasauti. Basi tuseme kikinzaumeme.

Lakini hebu nenda Kongowea ukaombe kikinzaumeme! Fundi atakutazama tu. Yeye ana rezista, na ile ya kuzungusha ni voliumu, hata kama kazi yake ni kupunguza mwanga wa taa. "Mwalimu, hini voliumu yakwaruza," aliniambia fundi mmoja wa Kisauni, akimaanisha kwamba vumbi na hewa ya chumvi vimeingia kwenye utepe wa kaboni ulio ndani. Sisi wa pwani twaujua mkwaruzo huo.

Walioisomea huiita potenshometa. Jina hili nalo lina hadaa yake: "meta" ni pimo, ilhali kifaa hiki hakipimi chochote. Lilianza na mitambo ya maabara iliyopima volti kwelikweli. Kitufe cha redio kimerithi jina bila kurithi kazi. Hata hivyo dukani litakufaa, mradi utaje na omu.

Sasa ununuzi. Viko vifaa viwili ambavyo wanaoanza huvichanganya. Potenshometa ina miguu mitatu, na hukaa ndani ya chombo daima. Ndugu yake mdogo, trima, hugeuzwa kwa bisibisi. Ukiona imeandikwa 103, soma 10 na sufuri tatu, yaani omu 10,000. Kifaa cha pili ni boksi la rezista, ambalo mimi ningeliita sanduku la makumi: swichi kadhaa, kila moja ina tarakimu 0 hadi 9, ya kwanza ya omu mojamoja, ya pili ya makumi, ya tatu ya mamia. Swichi saba hukufikisha omu 9,999,999. Hili halikai ndani ya chombo. Ni la mezani, la kutafutia thamani inayofaa.

Boksi ni tamu kutumia, ila lina bei, na mengi ya rahisi yamejazwa rezista za robo wati. Weka volti 9 kwenye omu 100 uone: wati 0.81, zaidi ya mara tatu ya uwezo wake. Utasikia harufu kabla hujaona moshi.

Kwa hivyo, kijana wangu, anza na potenshometa mbili, ya omu 1,000 na ya omu 10,000, pamoja na mita ya kupimia. Ukipewa nafasi ya kuchagua herufi, chukua B, ambayo katika vifaa vingi vitokavyo Asia ukinzani wake hupanda sawasawa kadiri unavyozungusha. A ni ya sauti, kwa sababu sikio letu halihesabu sauti kwa mstari ulionyooka.

Tuseme unatafuta rezista ya taa ya LED inayokula volti 2, na betri yako ni ya volti 9. Zinabaki volti 7. Kwa miliampea 20, unahitaji omu 350. Dukani utapata 330 au 390. Chukua 390, mwanga utapungua kidogo tu. Ukitaka kujaribu kwa kuzungusha, tumia ile ya omu 1,000, na utangulize rezista ya 330 isiyobadilika, kwa sababu ukifika sufuri bila hiyo, taa imekwenda. Ile ya 10,000 usiitie hapa: ikiwa ni ya nusu wati, haistahimili zaidi ya miliampea 7 hivi, popote kilipo kiguso chake. Wengi hudhani nusu wati ni nusu wati hata ukitumia kipande kidogo cha utepe. Sivyo.

Ukiridhika na mwanga, chomoa betri, itoe potenshometa kwenye sakiti, ndipo uipime miguu miwili uliyoitumia kwa mita. Jumlisha na ile 330, kisha ukanunue rezista iliyo karibu na hesabu hiyo. Ukiipima ikiwa bado imeungwa, mita itasoma na vitu vya jirani.