Matumizi ya Vifaa vya Kusukuma Hewa katika Kuondoa Makohozi: Mazingira ya Bugomora, Kagera

Kikohozi chenye nguvu hupitia hatua tatu: kuvuta hewa nyingi, kufunga koromeo ili shinikizo lijengeke kifuani, kisha kuitoa hewa hiyo kwa ghafla. Misuli ya kupumua inapodhoofika, kama inavyotokea uti wa mgongo unapoumia shingoni, hatua hizo hulegea. Mtu mzima mwenye afya hukohoa kwa kasi inayozidi lita 360 za hewa kwa dakika. Kasi hiyo ikishuka chini ya lita 160, makohozi hubaki ndani, sehemu ya pafu husinyaa na nimonia huweza kufuata. Hivyo, kinachomuua mgonjwa mara nyingi ni makohozi aliyoshindwa kuyatoa.

Mashine ya kukohozesha huiga hatua hizo. Kupitia barakoa, husukuma hewa kwa shinikizo linalofikia takribani sentimita 40 za maji, kisha hugeuza ghafla na kuivuta kwa kiasi hichohicho. Baada ya mizunguko kama mitano, mgonjwa hupumzishwa na makohozi yaliyofika kinywani huondolewa. Haifai kwa mgonjwa ambaye hewa imevuja kati ya pafu na ukuta wa kifua.

Bugomora ni kata ya Wilaya ya Kyerwa, iliyomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012. Hospitali ya rufaa ya mkoa iko Bukoba. Kwa kuwa mashine huhitaji umeme na mtumiaji aliyefunzwa, swali la msingi ni nini kifanyike kabla ya mgonjwa kuifikia. Mlipuko wa polio mjini Copenhagen mwaka 1952, ambapo wanafunzi wa udaktari walibana mifuko ya hewa kwa zamu, ulithibitisha kuwa mkono unaweza kuendesha pafu. Kwa mfuko wenye vali ya njia moja, mgonjwa hupewa pumzi mbili au tatu mfululizo bila kutoa hewa. Kisha hukohoa huku msaidizi akimsukuma tumboni, ilmradi hajatoka kula.

Mbinu hii humtaka mgonjwa aweze kufunga koromeo. Asiyeweza hawezi kuizuia hewa, naye ndiye mwenye haja kubwa zaidi ya mashine. Kwa hiyo, uwezo wa kufunga koromeo, si ukali wa kikohozi, ndio unaopaswa kuamua nani afundishiwe nyumbani pamoja na ndugu zake na nani apewe rufaa mapema.