Hita za gesi Muscat: Joto la nje lisiingizwe ndani

Miezi ya Disemba hadi Februari, wakati Unguja na Mombasa zimo katika jua la kaskazi, mji mkuu wa Oman, Muscat, hupata nafuu yake ya mwaka.

Baada ya kiangazi ambacho joto hupita nyuzi 40 za Selsiasi, usiku wa Januari hushuka hadi karibu nyuzi 17. Watu hutoka vyumbani na kukaa barazani, uani na ufukweni.

Ndipo hita za gesi zinapotolewa ghalani. Ni zile nguzo za chuma zenye mtungi chini na kofia ya bati juu, zinazoonekana kwenye mikahawa, hoteli na nyua za nyumba za watu binafsi.

Safari ya saa mbili hivi kutoka mjini, kwenye uwanda wa Saiq katika milima ya Jebel Akhdar, mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, baridi hukaribia nyuzi sifuri. Huko hita si anasa tena.

Jambo hili linawahusu wasemaji wa Kiswahili kwa namna mbili. Muscat ni makao ya maelfu ya Waomani wenye asili ya Zanzibar na mwambao, ambao wengi wao walirejea baada ya mapinduzi ya 1964 na baada ya Sultan Qaboos kushika madaraka mwaka 1970.

Isitoshe, katika miaka ya karibuni wamewasili Wakenya, Waganda na Watanzania wanaofanya kazi hotelini na majumbani. Mara nyingi anayeiwasha hita siye aliyeinunua, na karatasi ya maelezo, ikiwa haijapotea, imeandikwa kwa Kiarabu na Kiingereza.

Hita hufanyaje kazi?

Gesi iliyomo mtungini ni propani, butani, au mchanganyiko wa hizo mbili. Imeshindiliwa hadi ikawa majimaji. Inapofunguliwa hugeuka mvuke, na lita moja ya majimaji hayo hutoa takriban lita 250 za gesi.

Regulata iliyofungwa mdomoni mwa mtungi hupunguza nguvu ya gesi kabla haijapita kwenye mpira na kupanda hadi kwenye kichwa cha moto. Hapo huchanganyika na hewa, ikawaka, na chuma kilichozunguka moto kikawa chekundu.

Joto linalomfikia aliyeketi chini ni la mnururisho, kama la jua. Hita ya aina hii haipashi hewa. Hupasha mwili na kiti. Ndiyo maana hufaa mahali pa wazi, na ndiyo maana pia hula gesi nyingi.

Hita kubwa ya kilowati 13 huunguza takriban kilo moja ya gesi kwa saa. Mtungi wa kilo 13, uliozoeleka katika nyumba za Kenya, ungekwisha kwa saa 13 hivi. Mtungi mdogo wa kilo sita usingefika alfajiri.

Matumizi hayo makubwa yamezua mjadala kwingineko. Ufaransa ilipiga marufuku hita za nje kwenye mikahawa mwaka 2022, kwa hoja kwamba ni upotevu wa nishati na uchafuzi wa hewa.

Kwa nini isiingizwe ndani?

Kosa linaloua kuliko yote ni kuihamishia hita ya nje chumbani, ndani ya hema au kwenye baraza iliyozungushiwa maturubai pande zote.

Moto huo unahitaji hewa nyingi. Hewa safi inapopungua, gesi haiungui sawasawa na hutoa kaboni monoksidi, hewa ya sumu isiyo na rangi, harufu wala ladha.

Sumu hiyo hushikamana na chembechembe nyekundu za damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huendelea kupumua, lakini mwili wake haupati kitu.

Dalili zake ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu. Ni rahisi kudhani ni mafua au uchovu wa safari. Aliyelala huenda asiamke kabisa.

Ishara muhimu ni watu kadhaa waliomo chumba kimoja kuumwa kichwa kwa wakati mmoja, na kupata nafuu wakitoka nje. Hapo hapana haja ya kusubiri: tokeni nyote, kisha iteni msaada.

Hatari ni ile ile kwa jiko la mkaa, ambalo familia nyingi za Afrika Mashariki zinalijua vizuri. Kufungua dirisha kidogo si kinga. Na hita nyingi za nje hazina kifaa cha kuzima moto oksijeni inapopungua, kwa sababu hazikutengenezwa kwa ajili ya ndani.

Wanaopiga kambi Jebel Akhdar au kwenye mchanga wa Sharqiya wanashauriwa waote moto nje kisha waingie hemani na blanketi, wakiwa wameizima hita.

Kabla ya kuwasha

Hita iwekwe juu ya ardhi tambarare na ngumu. Kama kitako chake kina nafasi ya kujazwa mchanga au maji, kijazwe, kwani hita tupu huangushwa na upepo kwa urahisi. Upepo ukiwa mkali, isiwashwe.

Pawe na nafasi isiyopungua mita moja kila upande, na zaidi ikiwa maelezo ya mtengenezaji yanataka hivyo. Mwavuli, pazia, matawi ya mtende na paa la makuti havitakiwi kuwa karibu wala juu yake.

Mpira ukaguliwe kwa kuukunja taratibu kwa vidole. Ukionyesha nyufa, ubadilishwe; usifungwe kwa utepe. Joto la Muscat hukausha mpira haraka.

Regulata isilazimishwe. Isiyoingia kwa urahisi huenda si ya aina ya mtungi huo.

Kisha fungua mtungi, hita ikiwa imezimwa, na upake maji ya sabuni kwenye maungio yote. Mapovu yakifura, gesi inavuja. Kiberiti si chombo cha kutafutia uvujaji.

Kuwasha na kuzima

Fungua koki ya mtungi polepole. Bonyeza kitasa cha hita ili gesi iende kwenye mwali mdogo wa kuwashia, kisha washa. Uso na mikono vikae pembeni, si juu ya kichwa cha moto.

Mwali ukishika, endelea kubonyeza kwa nusu dakika hivi. Karibu yake kipo kihisi joto ambacho hukata gesi mwali unapozimika. Kikiwa baridi hudhani hapana moto, nacho hufunga.

Ikiwa hita haikuwaka, zima na usubiri dakika tano kabla ya kujaribu tena. Gesi iliyotoka mara ya kwanza bado ipo, na anayewasha mara tatu mfululizo hulipukiwa na gesi aliyoikusanya mwenyewe.

Hita iliyowaka haihamishwi. Hita nyingi zina swichi inayokata gesi zinapoinama, lakini swichi iliyokwama kwa vumbi haifanyi kazi.

Wakati wa kuzima, zima hita na ufunge koki ya mtungi. Usiifunike mpaka ipoe kabisa.

Chumvi, vumbi na buibui

Muscat ina maadui watatu wa hita. Wa kwanza ni hewa ya bahari, ambayo hulisha kutu kwenye miguu, skrubu na sahani inayobeba mtungi. Kipande kilicholiwa na kutu kibadilishwe.

Wa pili ni vumbi, linaloziba matundu madogo ya gesi. Wa tatu ni buibui, na hapa hatuzungumzii vazi. Mdudu huyo hupenda kuingia kwenye bomba la gesi na kutanda utando wakati hita imelala ghalani miezi tisa.

Utando mdogo unatosha kubadili mchanganyiko wa gesi na hewa. Dalili yake ni moto wa manjano wenye masizi badala ya buluu, au mwali unaorudi nyuma. Hita ya namna hiyo izimwe na isafishwe kwa brashi laini na upepo wa pampu.

Kuingiza sindano au waya kwenye tundu la gesi hulipanua, na tundu lililopanuka hutoa gesi zaidi ya kiasi. Ukaguzi wa fundi mara moja kwa mwaka, kabla ya msimu kuanza, unafaa zaidi.

Mtungi uwekwe nje, ukiwa wima na kivulini. Usiwekwe chini ya ngazi, ghala la chini ya ardhi wala karibu na mtaro. Propani ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, na butani mara mbili. Ikivuja hutambaa chini na kujikusanya mabondeni.

Wakenya hawajasahau usiku wa Februari 1, 2024, katika mtaa wa Embakasi jijini Nairobi. Lori la gesi lililipuka kwenye kituo cha kujazia kilichokuwa kikiendeshwa bila kibali. Watu kadhaa walikufa na zaidi ya 200 walijeruhiwa.

Ukisikia harufu ya gesi

Gesi yenyewe haina harufu. Huongezewa kemikali inayonuka ili watu waitambue. Ukiisikia, funga mtungi ikiwa unaufikia kwa usalama, ondoa watu, na usiwashe wala kuzima taa. Cheche ya swichi inatosha. Simu ipigwe ukiwa umeshafika mbali.

Oman namba ya dharura ni 9999. Kenya ni 999, na kikosi cha zimamoto cha Tanzania hupatikana kwa 114. Nchi za Umoja wa Ulaya hutumia 112.

Moto ukiwa unawaka mdomoni mwa mtungi, hatua ya kwanza ni kufunga koki kama inafikika. Isipofikika, ondokeni na muwaachie zimamoto. Kuuzima moto huku gesi ikiendelea kutoka kunaweza kugeuza moto unaoonekana kuwa mlipuko.

Elimu hii itazidi kuhitajika. Tanzania imejiwekea lengo la asilimia 80 ya wananchi kutumia nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034, na mtungi wa gesi unaingia katika nyumba ambazo hazikuwahi kuwa nao.

Ama kwa mfanyakazi anayeambiwa usiku wa baridi aiingize hita sebuleni ili wageni wasitetemeke, jibu la heshima lipo, na halihitaji ufundi: hita hii hula hewa ile ile tunayoivuta sisi.