Pumzi Yako Ni Litre Ngapi?

Weka mkono juu ya kifua chako, kisha vuta pumzi. Kifua kinainuka, maana hewa imeingia katika mapafu. Ni hewa kiasi gani? Huwezi kuiona, lakini unaweza kuipima. Munganga mmoja wa Uingereza, John Hutchinson, alipima pumzi za watu zaidi ya 2,000, akaandika habari zao katika mwaka 1846. Aliona kwamba mtu mrefu hutoa hewa nyingi kuliko mtu mfupi. Wewe mwalimu, unaweza kufanya kazi hii shuleni bila mashini ya bei kali.

Tafuta bidoni ya litre 5 inayoonyesha maji yaliyo ndani, beseni kubwa, chupa ya nusu litre, mpira mwembamba wenye tundu, na kipande cha tete safi kwa kila mwanafunzi. Kisha fanya hivi:

1. Mimina maji katika bidoni, nusu litre kwa nusu litre. Kila mara piga alama pale maji yanapofika.

2. Jaza bidoni kabisa. Tia maji kidogo katika beseni. Ziba mdomo wa bidoni kwa mkono, uipindue, uingize mdomo wake ndani ya maji ya beseni, ndipo uondoe mkono. Maji hayatashuka, kwa sababu hewa ya nje inayasukuma.

3. Ingiza mpira katika mdomo wa bidoni. Wanafunzi wawili washike bidoni isianguke.

4. Mwanafunzi asimame wima, avute pumzi mpaka kifua kijae, azibe pua, kisha apulize kwa tete lake polepole hata pumzi iishe. Asivute kitu kutoka mpira.

5. Hewa inapanda na kusukuma maji nje. Soma alama. Apumzike, afanye mara tatu. Shika hesabu iliyo kubwa.

Mwanaume mzima hutoa karibu litre 4 au 5, mwanamke karibu 3 au 4, mtoto chini ya hapo. Lakini pumzi ya kila siku, tukikaa kimya, ni karibu nusu litre tu. Tena mapafu hayawi matupu kamwe: hata ukipuliza sana, litre moja na zaidi hubaki ndani.

Sasa sikia maonyo. Usimcheke anayepuliza kidogo, wala usiseme, "Huyu ni mgonjwa." Pengine ni mfupi tu. Wala anayepuliza sana asijivune, kwa maana mtu mwenye pumzi nyingi anaweza kuwa na kifua kikuu. Bidoni si munganga.

Anayekohoa asipulize kamwe. Kifua kikuu hupita katika hewa. Akikohoa majuma mawili au zaidi, aende hospitali wapime makohozi yake. Msimfukuze wala kumficha. Kuna dawa za kumponya, akizimeza miezi yote anayoambiwa, hata kama anajisikia vizuri mbele ya kuzimaliza.

Nyumbani, mama, hesabu pumzi za mtoto anayekohoa, kwa dakika moja nzima, akiwa ametulia. Mtoto wa miezi 2 mpaka 12 akipumua mara 50 au zaidi, au wa mwaka 1 mpaka 5 mara 40 au zaidi, mapafu yake yanaweza kuwa na ugonjwa. Usingoje kesho. Mpeleke leo.